Mamangu Ukutani mwa Mkahawa

Mwana wa kakangu anafanya kazi Dubai. Ijumaa moja baada ya sala alinitumia picha kwa WhatsApp bila salamu, na huyu ni kijana ambaye hata akitaka namba ya fundi wa mabomba huanza na shikamoo. Picha ilionyesha mkahawa wa kisasa: mashine ya kahawa, viti vya ngozi, vijana wawili na kompyuta zao. Juu ya vichwa vyao, ndani ya fremu nyeusi, alikuwa mamangu.

Chini yake ameandika: "Shangazi, huyu si Bibi?"

Alikuwa ni yeye khasa. Miaka kumi na tisa, nywele zimegawanywa katikati, mkono mmoja juu ya redio ya studio ambayo haikuwa yetu wala hatukuwahi kuwa na kama ile. Picha ilipigwa Mombasa mwaka 1958, wiki chache kabla ya harusi yake, katika studio ya Mhindi mmoja si mbali na Makadara. Buibui amelivua, limekunjwa mahali ambapo kamera haioni. Mamangu keshafariki, Mungu amrehemu. Nijuavyo mie, tangu kuolewa hadi kufa hakuna mwanamume asiye maharimu yake aliyemwona kichwa wazi. Na sasa yuko juu ya watu wanaokunywa kahawa.

Sikuhitaji kuuliza sana imefikaje huko. Imetoka kwangu.

Nayaandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi zetu, Muscat, Dubai, London na kwengineko, zina kijana mwenye kamera nzuri na duka la mtandaoni la kuuzia picha. Ni kazi halali na wengine inawalipia masomo. Lakini kuna mambo wazee hatuulizi na vijana hawasemi, si kwa ubaya, ila hakuna aliyeyafikiria.

Duka la Birmingham

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ana miaka 22 na anasoma Birmingham. Tangu mdogo kamera haimtoki mkononi. Mwaka wa pili wa chuo alifungua duka Etsy, lile soko la Kimarekani lililoanzia Brooklyn mwaka 2005 kwa watu wa kazi za mikono. Aliweka picha alizopiga mwenyewe: Mutrah alfajiri, milango ya Lamu, majahazi yaliyopandishwa mchangani kungoja fundi. Nzuri wallahi, na sisemi hivyo kwa kuwa ni damu yangu. Kwa miezi minane ziliuzwa tisa.

Alipokuja Muscat likizo akafungua albamu yangu ya zamani. "Bibi, naweza kuziskani hizi?" Nikamwambia chukua. Sikuuliza za nini, nilidhani anataka kumbukumbu. Mie nimefundisha hesabu miaka 31 katika skuli ya sekondari ya wasichana, na kila mwaka nikiwaambia wanafunzi: soma swali mpaka mwisho kabla hujajibu.

Picha ya mamangu aliiita "Msichana na redio, Mombasa 1958". Katika miezi mitano ziliuzwa nakala 41. Nyingine zilikwenda Oregon, nyingine Denmark, nyingine Melbourne, na moja Dubai.

Kwa nini jahazi halikuuzwa na mamangu akauzwa? Nimelifikiri sana. Majahazi na milango imejaa mtandaoni, kila mtalii anayo kwenye simu. Lakini mtu aliyevaa vyake vizuri, akaenda studio kwa miguu yake, akakaa mbele ya kamera kwa kusudi, huyo hapatikani kila siku. Pwani yetu ilikuwa na mafundi wa kazi hiyo. Mombasa alikuwapo Parekh, Lamu alikuwapo Omar Said Bakor na Bakor Studio yake, aliyekuwa akikata picha na kuziunganisha mpaka mtu akatokeza ndani ya ua. Mtafiti wa Kijerumani, Heike Behrend, alitoa kitabu kizima mwaka 2013 juu ya upigaji picha wa pwani yetu, na humo ameeleza pia jinsi wanawake wa Kiislamu walivyohangaika na swali hili la kuonekana na kutoonekana. Kwa hivyo swali si geni. Kilicho kigeni ni kasi.

Wala si sisi tu wa pwani. Seydou Keïta wa Bamako alipiga watu wa mji wake kwenye ua wa studio yake miaka ya 1940 na 1950. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York bila jina lake, zimeandikwa tu kuwa mpigaji hajulikani. Baadaye akajulikana, picha zikawa mali ya majumba makubwa ya sanaa, na alipofariki mwaka 2001 negativu zake zikawa kesi. Waliovaa mashati mazuri wakakaa mbele ya kamera yake, wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Kuskani si kupiga picha ya picha

Hapa nimpe mtoto haki yake, kazi aliifanya kwa ustadi, na anayetaka kuuza, au hata kuhifadhi tu, aige kwake. Wengi wetu tunaiweka picha mezani, tunawasha taa, tunaipiga kwa simu na kuituma kwa WhatsApp. Mwanga wa taa unang'aa juu ya sura ya marehemu, na WhatsApp inaipunguza picha hadi upande wake mrefu ubaki kama pikseli 1,600. Printi safi inataka nukta 300 kwa kila inchi. Gawanya 1,600 kwa 300 upate inchi tano na kitu, yaani kama sentimita 13 na nusu. Ukiikuza zaidi ya hapo unakuza ukungu.

Picha yetu ya asili ina upande mrefu wa sentimita 14. Yeye aliiskani kwa nukta 1,200 kwa inchi, ambazo ni mara nne ya zile 300, kwa hivyo inaweza kufika sentimita 56 bila kupoteza kitu. Kwa nukta 600 ungeishia sentimita 28. Hesabu ndiyo hiyo tu, haina siri. Faili lihifadhiwe kama TIFF, na ukilituma litume kama hati, usilitume kama picha. Na kabla ya yote futa vumbi kwa brashi laini. Usitumie kitambaa chenye maji, nimeona albamu ya jirani yangu ikiharibiwa hivyo na msichana mwenye nia njema kabisa.

Kisha kuna karatasi. Zinazouzwa kwa bei ya maana huchapwa kwa wino wa rangi ya unga juu ya karatasi nene ya pamba, kazi ambayo wenyewe huiita giclée, jina alilolibuni Mmarekani Jack Duganne mwaka 1991. Wanunuzi huliuliza neno hilo. Kwa yule asiyetaka kujishughulisha na wino wala posta, kuna masoko yanayochapa yenyewe, kama Fine Art America na Redbubble: wewe unapakia faili, wao wanapokea oda, wanachapa, wanatuma, na wewe unapata fungu lako. Ni rahisi, ila karatasi huigusi na sanduku hulioni.

Pauni 35 zinakwenda wapi

Mjukuu wangu aliuza kila nakala pauni 35, posta ndani yake. Nilimwambia alete daftari tukae. Kuiweka bidhaa dukani ni senti 20 za dola kwa miezi minne, kwa riyali yetu kama baisa 77. Ikiuzwa, Etsy inachukua asilimia 6.5, hapo ni pauni 2.28. Malipo yenyewe kupita, kwa muuzaji aliyeko Uingereza, asilimia 4 na peni 20 juu, yaani pauni 1.60. Mchapaji wake na posta pamoja zilimla pauni 16. Kinachobaki ni pungufu kidogo ya pauni 15, na hapo sijahesabu vijitozo vidogo vidogo.

Kisha kuna tangazo. Etsy hutangaza bidhaa yako sehemu nyengine za mtandao, na mnunuzi akija kwa mlango huo, duka dogo hukatwa asilimia 15 zaidi. Hapo pauni 15 zinakuwa pungufu ya kumi. Duka ambalo mauzo yake hayajafika dola 10,000 kwa mwaka linaweza kuikataa huduma hiyo, lakini lazima uingie kwenye mipangilio uizime mwenyewe. Yeye hakujua. Nakala 12 ziliuzwa hivyo.

Wazazi wa Ghuba niwaambie na hili. Kabla ya mtoto kufungua duka, ulizeni kwanza kama soko hilo linamlipa muuzaji aliyeko nchi yenu, kwa sababu si yote. Najua dawa yetu ya siku zote: duka lifunguliwe kwa jina la binamu aliyeko Uingereza. Sawa, lakini tangu tarehe 1 Januari 2024 masoko haya yanapeleka taarifa za wauzaji kwa idara ya kodi ya Uingereza, na msamaha wa mapato ya biashara ndogo ni pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi. Binamu anaweza kuulizwa juu ya fedha ambazo hajaziona. Nimeshuhudia watu wakigombana kwa kidogo kuliko hicho.

Kwa nakala zote 41 alibakiwa na kama pauni 550. Alilipia kodi ya chumba.

Picha ni ya nani?

Kakangu ni mkubwa kwangu, anakaa Ruwi. Baada ya ile picha ya Dubai alikuja kwangu baada ya Isha, akakaa, akanywa kahawa, hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema tu: "Mama alijisitiri maisha yake yote, nyinyi mmemuuza kwa pauni thelathini na tano."

Tukampigia mtoto kwa video. Alilia, kisha akajitetea, na utetezi wake haukuwa wa kijinga. "Babu, mwenyewe aliigawa. Nyuma ya picha ameandika, kumbukumbu kwa rafiki yangu. Kama hakutaka ionekane, mbona alipiga kopi sita?"

Ni kweli alipiga kopi sita. Nazijua zilikokwenda: kwa dada zake, kwa somo yake, kwa rafiki wa Malindi. Zilikaa ndani ya masanduku, chini ya khanga, na mwanamume akiingia albamu hufungwa. Mamangu alijua kila mkono ulioishika picha ile. Ndilo nililomjibu mjukuu wangu, na sidhani kakangu aliridhika, kwa maana lawama ya kwanza ni yangu, mie niliyesema chukua.

Nikaingia kwenye sheria, maana mwalimu aliyestaafu ana wakati. Wengi hudhani siku zote picha ni ya aliyepigwa. Leo nchi nyingi huanza na mpigaji, yeye ndiye mwenye hakimiliki mpaka mkataba useme vingine. Lakini sheria ya hakimiliki ya Kiingereza ya 1911, iliyokuwa ikitumika pia katika makoloni yao, ilisema picha iliyoagizwa na kulipiwa ni ya aliyeiagiza. Na picha ile mamangu aliilipia mwenyewe, alikuwa akituhadithia alivyoweka akiba ya fedha za ushoni. Sheria ya Kenya ya 2001 nayo huipa picha miaka 50, ikihesabiwa tangu ilipopigwa au ilipotolewa hadharani mara ya kwanza, ile iliyo ya mwisho. Wanasheria wanaweza kuvutana hapo wanavyotaka. Mie nilichokiona ni kimoja: kama picha ilikuwa mali yake, basi ilipofika siku yake iliingia katika mirathi.

Warithi tuko watatu, kakangu, mie na dada yetu wa Mombasa. Mafungu manne: mawili ya kakangu, moja moja sisi. Kumbe niliruhusu mali ya wote kwa robo yangu moja.

Nilipoyasema hayo kakangu alinitazama, nadhani hakuwa amelifikiria kwa njia hiyo. Mjukuu akasema atalipa zile fedha zote kidogo kidogo. Kakangu akakataa fungu lake, akasema hawezi kula fedha hiyo. Dada yetu wa Mombasa, alipopigiwa, alisema lake litumwe kwa M-Pesa, na kama kuna picha nyengine za Mama zinazouzika aulizwe kwanza. Kila nyumba ina mtu wa namna hiyo.

Picha ikaondolewa dukani usiku ule ule.

Haikwisha hapo

Wiki tatu baadaye mjukuu wangu akaikuta katika soko jingine, kwa muuzaji tusiyemjua wa nchi tusiyoijua. Alikuwa ameichukua kutoka ukurasa wa duka lake, ameikuza kwa programu, na kuipakia kwenye soko linalochapa kila kitu. Mamangu alikuwa juu ya mto wa kiti, juu ya kikombe, na juu ya pazia la bafu. La pazia sijamwambia kakangu mpaka leo. Akilisoma hapa, anisamehe.

Kuna njia ya kulalamika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inalitaka soko liondoe kazi iliyoibwa likipelekewa taarifa sahihi, na mwenye mali anaweza kuituma akiwa popote duniani. Inataka kiungo cha ukurasa, maelezo ya kazi yako, jina lako na mahali pa kukupata, na tamko kwamba unasema kweli, ambalo ukidanganya una jukumu la kisheria. Jueni pia kwamba jina na anwani vinaweza kufika kwa yule mwizi, kwa hivyo msiweke anwani ya nyumbani ikiwa mna nyengine. Iliondolewa baada ya siku tisa. Wiki iliyofuata ikarudi kwa jina jengine la duka. Tumeiondoa mara tatu.

Sasa mjukuu wangu anapakia picha ndogo tu za kuonyeshea, zisizozidi pikseli 1,000, na huzionyesha zikiwa ndani ya fremu ukutani, zimepigwa kwa pembe, ili anayeiba aibe na fremu. Faili kubwa halitoki kwake. Hilo lingelifanywa tangu mwanzo lingetupunguzia mengi.

Ameweka pia kanuni ambayo sikumlazimisha. Sura ya mtu haingii dukani mpaka mwenyewe au warithi wake waandike ruhusa, jina, tarehe na nini kinaruhusiwa: printi ya ukutani peke yake, au na vikombe. Kwa walio hai si adabu tu. Oman ina sheria ya makosa ya mtandao ya 2011, na Imarati wana yao ya 2021, na zote mbili zinaadhibu kuingilia faragha ya mtu kwa kumpiga picha au kuisambaza bila ridhaa yake. Kijana anayezunguka souq ya Mutrah na lenzi ndefu, akimtafuta mama mwenye sura ya kupendeza, alijue hilo kabla ya kubonyeza.

Na wenye harusi Uingereza, msiwaachie wapiga picha tu. Sheria yao ya 1988 inampa aliyeagiza picha kwa mambo ya nyumbani haki ya kuzuia nakala zisitolewe kwa umma, hata kama hakimiliki ni ya mpigaji. Soma mkataba wake kabla ya kutia sahihi, maana haki hiyo unaweza kuisaini ikatoka mikononi mwako bila kujua, mara nyingi katika mstari mdogo unaosema picha zitatumika kwa matangazo.

Kuhusu mkahawa wa Dubai: mwana wa kakangu alirudi, akamwomba mwenye mkahawa, akamweleza kwamba yule ni bibi yake. Bwana yule alidhani anatania. Alipoonyeshwa picha nyengine kwenye simu, ya Bibi akiwa mzee, akanyamaza, akasimama juu ya kiti akaishusha mwenyewe. Akaomba arudishiwe alichotoa tu. Kijana alimpa dirhamu 200, fremu na yote, akaileta Muscat kwa gari, imefungwa ndani ya blanketi.

Nilipoifungua sikusema kitu kwa muda. Karatasi nene, weusi umekolea. Chini ya kidevu kulikuwa na kovu dogo, la kuanguka kisimani alipokuwa mtoto, ambalo katika kile kipicha cha albamu halionekani kwa udogo wake na mie nilikuwa nimelisahau kabisa. Nimeitundika chumbani kwangu, upande ambao mlango ukifunguliwa hauonekani. Kakangu akija, akishamaliza kahawa, hupiga hodi na kuomba kuingia kuiona.